Chai Niliyompikia Mpima Ploti

Nacheka leo, lakini siku hiyo nilitamani ardhi inimeze. Ploti za Ruiru zilikuwa zikipimwa, nami, mjane mgeni, nilimsihi mpima asinisahau. Akasema atapita kwangu anywe chai.

Ai, sina kuni! Nikatoka, nikakuta vijiti vimesimamishwa nyasini, vikavu, vimepakwa rangi nyekundu. Nikamshukuru Mungu, nikang'oa mzigo mzima. Sikujiuliza ni kuni gani hizo zinazopakwa rangi. Zilikuwa na maandishi, lakini kusoma sijui.

Mpima alimaliza kikombe, akaisifu chai. Ghafla akainama mekoni, akachomoa kijiti kilichobaki nusu, akapuliza majivu, akasoma namba.

"Mama," akasema taratibu, "ploti yako ndiyo hii."