Mstari wa Chini Kabisa

Papa Ngoy alizaliwa Nyunzu, akashuka Kalemie kwa treni akiwa kijana, na kwa kuwa alijua kusoma alipewa kulinda lango la bandari. Alikaa hapo karibu miaka yote ya Zaire. Kando ya lango kulikuwa na ubao mweusi: wafanyakazi wa bandari, wapite, askari, wapite, wenye tiketi ya meli, wapite. Mstari wa mwisho ulisema: wengine wote, hapana.

Ubao ulisomwa kutoka juu. Mstari wa kwanza unaomhusu mtu ndio ulioamua, na Ngoy hakusoma zaidi ya hapo. Mlinzi aliyemtangulia alizoea kuruka mistari kwa ajili ya rafiki zake; askari walimchukua, hakuonekana tena. Ngoy alirithi lango lake pamoja na hofu ya kuruka mstari.

Mwaka kipindupindu kilipoingia mjini, hema la kutundikia wagonjwa maji ya serumu lilisimamishwa ndani ya bandari. Mkubwa wa bandari akaamuru ubao uongezewe maneno: wagonjwa wa kipindupindu na wanaowaleta, wapite. Mchoraji alitafuta nafasi, akaipata chini kabisa, chini ya "wengine wote, hapana". Akaandika pale, akaenda zake.

Wa kwanza kuletwa alikuwa Kalunga, mpasua mawe wa Kabimba, amefungwa kwenye baiskeli kwa kitenge cha mke wake. Macho yalikuwa yameshazama. Mke huyo, Mama Mujinga, ndiye aliyeisukuma; alikuwa akisali kanisa moja na Ngoy. Ngoy akasoma ubao kutoka juu, akafika kwenye "wengine wote", akaacha lango limefungwa.

"Papa Ngoy, soma na ule wa chini," Mujinga akasema. "Njo wetu."

"Ninauona, mama. Lakini hapana imekuja mbele yake."

"Basi uiruke."

"Mwenye kuruka alikuwa anasimama hapa kabla yangu. Unajua vile alienda."

Ngoy akamtuma mpagazi bironi, ofisini kwa mkubwa, kuuliza. Mkubwa alikuwa mezani, akila. Mpagazi aliambiwa angoje. Mujinga aliketi vumbini, akimlowesha mumewe midomo kwa kidole, hadi midomo ikaacha kukifuata kidole.

Mkubwa alikuja akijifuta mdomo. "Sitwayeni Ngoy," akasema, kwa neno la "raia" ambalo Zaire ililiweka mahali pa "bwana", "mustari uko pale. Hauna macho?"

"Niko nayo, Shefu. Uliandikwa nyuma ya hapana."

Baiskeli ikaruhusiwa kuingia, na Kalunga akapelekwa moja kwa moja mahali pa kulaza maiti.

Kesho yake mchoraji aliufuta mstari ule, akauandika upya juu ya yote. Haukupita muda, Mujinga naye akaletwa mgongoni mwa kaka yake. Ngoy alisoma mstari mmoja tu, akafungua.

Mujinga alipona. Siku ya kutoka Ngoy alimwamkia, akamwita mama. Mujinga alimpita. Alisimama mbele ya ubao, akausoma polepole kutoka juu hadi chini, bila kuruka hata neno, kisha akashika njia ya Kabimba, akiisukuma baiskeli.