Mkao wa Kuchapwa

Utafiti wangu ulikuwa mdogo na ulinitia hasira tangu siku ya kwanza. Niliwafuata watu wazima waliosoma shule moja na mimi kule Miono, nikawaomba jambo moja tu: nionyesheni mlivyokuwa mnakaa mkichapwa. Basi. Sikuwauliza kama iliwauma.

Mama ntilie mmoja wa Chalinze aliacha mwiko ndani ya sufuria ya wali, akafuta mikono kwenye khanga, akalala kifudifudi kwenye sakafu ya kibanda chake huku madereva wa malori wakimtazama. Fundi baiskeli aliinama kushika vidole vya miguu, na kitambi chake chote kile. Mzee mwenye wajukuu alipiga magoti, akanyoosha viganja, akageuza uso pembeni na kufumba macho. Hakuna aliyesita. Niliwapiga picha za migongo tu, nyuso zao nikaziacha.

Hayo ndiyo niliyoyapeleka kwenye kongamano la wanafunzi la chuo chetu, Bagamoyo, mbele ya ukumbi uliojaa walimu. Kazi ambazo zingechaguliwa zilikuwa zipelekwe kwenye kikao cha elimu cha wilaya. Nilitaka yangu ichaguliwe kwa sababu moja. Mimi niko masomoni, binti yangu anaishi na mama yangu Miono, na Januari alikuwa anaanza darasa la kwanza shule ile ile. Mwalimu mkuu alikuwa bado ni yule yule aliyenichana mgongo kwa mkwaju.

Na siku hiyo alikuwa amekaa safu ya mbele, mgeni mwalikwa, anatabasamu.

Nilipomaliza, mwenyekiti wa kikao, daktari wa elimu mwenye sauti nzito ya kujiamini, alisema sampuli ni ndogo na kwamba mkao si ushahidi wa madhara. "Watu hukumbuka pia nyimbo za mchakamchaka," alisema, watu wakacheka. Kisha akamkaribisha mwalimu mkuu achangie.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema, maana adabu ni adabu.

"Marahaba, mwanangu." Akaugeukia ukumbi. "Huyu nimemchapa kwa mkono wangu. Alikuwa mtundu, mdomo haufungiki. Leo mtazameni, msomi, anatufundisha sisi! Fimbo yangu ilimharibu wapi?"

Wakampigia makofi. Makofi ya dhati, ya walimu waliochoka na madarasa yaliyofurika. Nilitamani nimrushie ile projekta. Yeye akapanda jukwaani akicheka, akaikunja ratiba ya kongamano, akasema kwa mzaha, "Haya, lete mkono."

Mkono ukaenda. Sikuupeleka mimi. Niliushtukia uko mbele yangu, kiganja juu, na uso wangu umeshageukia pembeni. Ukumbi ukaangua kicheko. Akanigusa na ile karatasi kama mtu anayefukuza nzi.

Hapo nikapandwa na kitu ambacho hadi leo sikionei haya. "Mwalimu, hivyo sivyo ulivyokuwa unachapa," nikamwambia. Nikaichukua fimbo ya kuonyeshea picha iliyoegemezwa ukutani, nikamtia mkononi. "Wametaka ushahidi. Wape."

"Acha mchezo, mwanangu."

"Au umezeeka? Watoto wa Miono unawaweza, mimi unaniogopa?"

Watu wakaguna, kisha wakacheka, na safari hii walikuwa wanamcheka yeye. Niliona mishipa ya shingo ikimsimama. Nilimjua vizuri, mzee huyu kila kitu alikiweza isipokuwa kuchekwa. Akaupandisha mkono juu ya bega, akajiinua kwa vidole vya miguu kama zamani, akashusha.

Mlio ulikuwa mkavu. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Kidole cha kati kilipinda upande ambao kidole hakipindi, na damu ikaanza kutoka. Akainua tena, macho yake hayako pale kabisa, nadhani alishasahau kama kuna watu. Ya pili ilinipata kwenye kifundo cha mkono nikasikia mfupa ukilia. Sikutoa chozi. Nilikuwa nafurahi, Mungu anisamehe, nafurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

 Mara, kwenye spika, ikasikika sauti nyembamba, ya kitoto, ikisema maneno tuliyolazimishwa sote kuyasema baada ya kila kiboko.

"Asante, mwalimu."

Sikuwa mimi. Alikuwa mwenyekiti. Alikuwa amesimama nyuma ya meza, kichwa chini, kipaza sauti chake hakijazimwa. Aliziba mdomo kwa kiganja, lakini maneno yalikuwa yameshamtoka, na ukumbi mzima ulisikia.

Hakuna aliyeuliza tena habari za sampuli. Utafiti ulipelekwa wilayani, na wengi wakanipongeza. Jioni mama alinipigia simu, anauliza amnunulie mtoto viatu vya shule vya aina gani. Nikamwambia asinunue, mtoto anakuja kwangu, tutabanana hivyo hivyo. Akafoka, si nilisema kongamano litamaliza mambo? Nikaihamishia simu kwenye mkono usiouma, nikamwambia: Ukumbi ule ulijaa walimu, mama, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kuishika ile fimbo.