Pointi za Simba Nimezigeuza Kilo

Jamani, leo nimebadilisha simba kwa jinzi!

Mnajua nilivyowaahidi wanangu wawili. Pointi zote ninazopewa na ndege kwa safari zangu za Guangzhou naziweka, tupande ndege bure kutoka Mombasa mpaka Mara, wakaone simba.

Basi asubuhi nikaenda ofisi ya ndege hapa Guangzhou, mtaa wa Huanshi. Moyo wanidunda, nisije nikakosea fomu.

Msichana wa dirishani akaniuliza, "Mama, pointi unazitakia nini?"

Mdomo wangu wa biashara ukawahi: "Kilo!"

Na nikambembeleza mpaka akaniongeza. Nikatoka nacheka, nina kilo sitini za mzigo, za kubebea jinzi zangu za biashara.

Nikampigia Zuhura, binti yangu mkubwa.

"Mwanangu, nimepata!"

"Mama! Twenda lini?"

"Wapi? Nimepata kilo sitini!"

 

"Mama... kwani simba wanavaa jinzi?"

Nilirudi mbio, viatu mkononi! Yule msichana alicheka mpaka akalalia meza, lakini akaifuta ile fomu.

"Haya Mama, tiketi tatu za Mara."

Nikamshukuru, nikamwombea na mume mwema.

Halafu nikamuuliza kila tiketi ina kilo ngapi.

Semeni kweli, nyinyi hamngeuliza?