Jina Lililofagiwa

Kumbi za kungojea hufanana popote uendapo duniani. Viti vya chuma vilivyoungwa pamoja ili mtu asihame na chake, feni inayozunguka kwa kinyongo, na mtu anayekohoa ili tu ijulikane kwamba yupo. Katika ukumbi wa kliniki hii ya macho kulikuwa na jambo la ziada: sauti ya mwanamke, tulivu, iliyotoka kwenye kisanduku cheusi kilichopachikwa juu ya mlango.

"Namba mia moja na ishirini na tatu, dirisha la nne."

Kila ilipoita, mzee mmoja mwenye bandeji jicho la kulia alimgusa jirani yake kwa kiwiko.

"Hiyo mashine mwanangu ndiye aliyeitengeneza."

"Yote?"

"Kisanduku wamenunua. Akili iliyomo ndani ni yake. Na sauti hiyo ni ya binti yangu, dada yake. Yaani mimi, bwana, hapa hospitali naitwa na mtoto wangu mwenyewe!"

Benchi zima likacheka. Mwana mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yao na mkoba wa dawa mkononi. Nyumbani walimwita Injinia, tangu utotoni alipoifungua redio ya baba yake na, kinyume na matarajio ya wote, akaweza kuifunga tena. Mtu mwingine angesifiwa hivyo angetabasamu. Yeye aliangalia viatu vyake.

Maana hakuiandika ile programu.

Alikuwa mtengenezaji wa programu katika kampuni ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Kampuni ni neno kubwa kidogo. Ilikuwa ni chumba kimoja nyuma ya duka la kutengeneza televisheni, meza mbili, na harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya. Hospitali ilipotaka mashine ya kupanga foleni, Injinia aliingia mtandaoni akakuta programu huria, tayari, inayofanya kazi hiyo. Aliyeiandika alikuwa bibi mmoja wa nchi ya mbali, aliyefanya kazi maisha yake yote katika stesheni ya reli, na alipostaafu akaandika programu ya kuwaita abiria kwenye madirisha ya tiketi. Akaiweka wazi, msimbo wake wote, yaani maandishi yanayoiendesha, kila mtu asome na achukue. Sharti lake lilikuwa kwenye leseni, kwa maneno machache: chukua, badilisha, hata uza ukitaka, ila jina langu libaki, na yeyote utakayempa mashine umpe pia msimbo, pamoja na ulichobadilisha, ili naye aweze kubadilisha.

Injinia aliisoma leseni ile kama watu wanavyosoma maandishi madogo nyuma ya tiketi. Kichwani mwake neno "huria" lilikaa chumba kimoja na neno "bure", na kitu cha bure, alijiambia, hakina mwenyewe.

Pale karakana kulikuwa na desturi waliyoiita kufagia. Kabla mashine haijatoka, inapanguswa vumbi, inabanduliwa vibandiko vya maduka ilikonunuliwa, inabandikwa nembo ya kampuni. Hakuna aliyeona ubaya, mteja hapendi kupewa kitu chenye alama za mkono wa mtu mwingine. Injinia aliupeleka ufagio huo mpaka ndani ya programu. Alifuta jina la bibi juu ya kila ukurasa wa msimbo. Akafuta leseni. Akafuta maelezo, shukrani, kila kitu kilichonusa reli, akaweka jina la kampuni. Kazi ile aliifanya mchana mweupe huku akipiga mluzi.

Jioni moja, mezani, shemeji yake alimuuliza, "Shemeji, hii programu ni yetu kweli? Nisije nikatia sahihi pale hospitali halafu nikaumbuka."

"Ni yetu."

"Umeiandika mwenyewe?"

"Mstari kwa mstari."

Dada yake akamwongezea chakula kwenye sahani bila kuulizwa. Hicho ndicho chakula ambacho baadaye alikikumbuka zaidi.

Siku ile ukumbini, baba yake akiwa bado anapokea pongezi, sauti iliita namba nyingine. Bibi mmoja aliyefungwa macho yote mawili alianza kuinuka, akipapasa mgongo wa kiti cha mbele. Kabla hajasimama sawasawa, sauti ikaita namba iliyofuata.

"Mimi je?" aliuliza, uso wake ukielekea ukutani. "Jamani, si ilikuwa yangu?"

"Imekupita, mama," mtu akamjibu. "Hii haingoji mtu. Utarudi mwisho."

Dada mmoja mwenye koti la bluu na bisibisi mfukoni alikuja akamshika mkono bibi yule, akampeleka dirishani mwenyewe. Kisha akamjia Injinia moja kwa moja. Alikuwa fundi mkuu wa mitambo ya hospitali, na alikuwa amechoka.

"Kaka, ni wewe wa mashine? Umeona mwenyewe. Kila siku hivi. Hii ni kliniki ya macho, watu hawaioni skrini, wanategemea masikio. Nataka iite mara tatu na isubiri. Nipe msimbo, nitabadilisha mwenyewe."

"Niandikie ombi, nitakuja kubadilisha."

"Ombi nimemwandikia shemeji yako tangu mvua za mwanzo. Kila nikipiga simu naambiwa uko kazi nyingine. Sikulaumu, uko peke yako. Basi nipe nifanye mimi."

Injinia alimwona baba yake amegeuza kichwa, jicho zima likimwelekea yeye.

"Haiwezekani, dada. Ni siri ya kampuni. Nimeiandika mwenyewe, mstari kwa mstari."

"Unasikia?" mzee alimwambia jirani. "Mstari kwa mstari."

Haikuchukua muda, dada wa mitambo akampigia simu: njoo, mashine imekwama. Injinia alifika akakuta mashine haijakwama hata kidogo. Chumba cha mitambo kilikuwa chini ya ngazi, kimejaa vitanda vya magurudumu vilivyokosa magurudumu. Dada alimvutia kiti.

"Ilikwama asubuhi, nimeiwasha upya. Ila ilipokwama iliandika kitu kwenye skrini kwa lugha ya kigeni. Nikampa mwenzetu wa maabara anayejua lugha ile, akanitafsiria. Unajua ilisema nini? 'Behewa limeachia.'" Alimtazama. "Kaka, hospitali gani ina mabehewa?"

Injinia alikuwa amefagia kila mahali isipokuwa kwenye maneno ambayo programu huyatoa inapopata hitilafu. Nani husoma hayo?

"Nikayaandika mtandaoni maneno yale kama yalivyo," dada aliendelea. "Yakanipeleka kwa bibi wa stesheni. Programu ni hii hii. Nimeisoma leseni yake. Anasema anayepewa mashine apewe na msimbo. Mimi nimepewa mashine. Kwa hiyo sikuombi tena, unanielewa? Nadai."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomnyima Injinia mahali pa kushika. Angepigiwa kelele angejibu kwa kelele.

"Ungeweza kuichukua huko huko kwake," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimejaribu. Haiendi na kisanduku chenu, mmebadilisha vitu. Hivyo mlivyobadilisha ndivyo ninavyovihitaji." Akaigeuza kompyuta yake. "Kuna watu amewashukuru hapa. Huyu mmoja, Mpiga Mbizi, ndiye aliyemsaidia bibi kuifanya ihesabu kwa Kiswahili. Nimetafuta namna ya kumpata nimekosa. Ningempata yeye wala nisingekusumbua, maana anaonekana mtu wa watu. Wewe uko kwenye mambo haya. Unamjua?"

Mpiga Mbizi lilikuwa jina lake mwenyewe kwenye jukwaa la mtandaoni, alilojipa siku aliyohitaji jina lolote. Alikuwa amemwandikia bibi yule akiomba msaada, kwa sababu sauti ilikuwa ikijikwaa katikati ya namba, haijui pa kuweka "na". Bibi hakuwa na neno hata moja la Kiswahili. Alimuuliza maswali kwa subira, akavunja sehemu nzima ya programu yake na kuijenga upya ili lugha asiyoijua ikae vizuri ndani yake. Kisha, bila kuombwa, akamshukuru kwa jina. Na Injinia, siku ile ya mluzi, hakusoma alichokuwa anafuta. Alijifagia na yeye mwenyewe.

"Simjui," alisema.

Alitoka mle ndani masikio yakimwaka. Kumkana bibi wa stesheni, asiyewahi kumwona, aliweza kuishi nako, watu wanaishi na makubwa kuliko hayo. Lakini alikuwa ameulizwa habari za mtu mwema, mtu huyo akiwa yeye, na hata huyo amemkana ili kumlinda yule mwongo.

Alikwenda moja kwa moja karakana. Shemeji yake alikuwa amepiga magoti chini ya meza akitafuta skrubu.

"Shemeji, ile programu si yetu."

Shemeji alitoka chini ya meza polepole. "Sema tena."

Akasema tena, yote, pamoja na ufagio. Shemeji alikaa chini sakafuni pale pale.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza mbele ya dada yako."

"Uliniuliza."

"Mimi nimekwenda kwa mkurugenzi na suti ya harusi yangu, nikamwambia huyu kijana wetu ni kichwa. Sasa watatunyang'anya mashine? Tutashtakiwa?"

"Kwa kilichopita bibi angeweza, akitaka. Kuanzia sasa, leseni haitukatazi kitu. Turudishe jina lake, leseni yake iwemo, na hospitali tuwape msimbo pamoja na mabadiliko yetu. Tunaruhusiwa kuuza, tunaruhusiwa kulipwa kwa matengenezo. Na si kwamba tumtangazie kila mpita njia. Anayepewa mashine ndiye anayepewa msimbo."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Shemeji aliinua uso. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichobaki usoni pake kilikuwa kibaya zaidi, ule mshangao wa mtu anayejaribu kumwelewa ndugu.

"Sasa shemeji, hapo ulikuwa unaficha nini?"

Hakukuwa na kitu cha kuficha. Siri ya kampuni haikuwapo. Kulikuwa na mtu aliyetaka kusifiwa kwa kazi yote wakati sehemu yake, ndogo na halali, ilikuwa tayari imesifiwa.

"Dada yako utamwambia mwenyewe," shemeji alisema, akarudi chini ya meza.

Kurudisha jina ni kazi ndefu kuliko kulifuta. Ilibidi aichukue programu ya bibi kama ilivyo, aiweke kando ya yake, apite ukurasa kwa ukurasa akirudisha kila mtu mahali pake. Alimwandikia bibi pia, bila kujitetea. Alitegemea ukali. Bibi alijibu kwamba amesikitika, ndiyo, na kwamba asirudie tena. Halafu akauliza kama anaweza kutumiwa sauti ikiita namba, maana hajawahi kuisikia na angependa kujua inavyosikika. Injinia aliusoma ujumbe ule akaifunika kompyuta. Angeona nafuu kama angetukanwa.

Msimbo alimpelekea dada wa mitambo kwenye flashi, mkononi.

"Na yule Mpiga Mbizi," alisema akiwa bado mlangoni, "ni mimi."

Dada alimtazama, akaitazama flashi. Alianza kucheka, akaacha. "Pole, kaka," alisema, na alionekana kumaanisha, jambo lililomfanya Injinia atamani ardhi ipasuke.

Siku ya baba yake kurudi kliniki, mashine ilikuwa imewashwa upya, na kwenye skrini, kabla ya namba kuanza, lilipita jina la kigeni kwa herufi kubwa. Bandeji ya mzee ilikuwa imepunguzwa. Aliliona.

"Hilo jina la nani?"

"La aliyeitengeneza, baba."

Sauti ya binti yake iliita namba, ikasubiri, ikaita tena.

"Na wewe ulifanya nini?"

"Niliomba msaada namba ziitwe kwa Kiswahili, akanisaidia. Mengine nilisema uongo."

"Mimi nimewaambia watu," mzee alinong'ona. "Ukumbi mzima. Na leo ndiyo siku yao, wako hapa hapa, huyu wa pembeni nimemsikia kikohozi chake." Akamshika mwanawe mkono. "Nipeleke kule nyuma. Nisikae na hawa."

Injinia alimwinua. Mkono wa baba yake ulikuwa mwepesi kuliko alivyouzoea, na mzee alikwenda ameinamisha kichwa kama aliyeiba yeye. Walipofika nusu ya safu, Injinia alisimama.

"Hapana, baba. Wewe rudi ukae palepale pako."

Akamrudisha kitini. Kisha akaenda mbele ya benchi, akasimama mahali ambapo kila mtu angemwona kama angeweza kuona. Nyuso zilizofungwa bandeji zikageuka kuelekea upande wake, baadhi zikimkosa kidogo.

"Samahanini, wazee wangu," alianza. "Majuzi mliambiwa habari ya hii mashine..."

"Paza sauti, mwanangu," alisema bibi wa safu ya pili. "Sisi hatukuoni."