Waya Juu ya Masale

Miaka ile ya ruksa, biashara za watu binafsi zilipofunguliwa, pale Moshono kila mtu alianza kuuza kitu mbele ya nyumba yake. Huyu maandazi, yule mitumba, wa tatu mafuta ya taa ya kupima kwa kopo. Agnela, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Princess kwa jina la binti yake, hakuweka meza. Aliweka karavani.

Lilikuwa la mafundi wa barabara kutoka Ulaya. Walilala humo, wakapika humo, na kazi yao ilipokwisha wakaliacha uwanjani, nyasi zikaota katikati ya magurudumu. Agnela alilinunua, akang'oa vitanda, akatia kioo kirefu, viti, beseni la kuoshea nywele na draya ya kofia iliyotoka Dubai. Saluni zilikuwa zinaota mjini kama uyoga, lakini ya kwake ndiyo pekee iliyoweza kumfuata mteja. Kukiwa na sherehe Makumira au soko Kwa Mrombo, mumewe Sylvanus alilifunga nyuma ya Landrova yake kuukuu, wakaondoka.

"Wenzako wanangoja wateja," Sylvanus alipenda kumtania. "Wewe unawawinda."

"Mwindaji ni mimi. Wewe ni punda wa kubeba mtego."

Lakini karavani bila umeme ni kopo tu, na umeme wote wa Agnela ulipita katika waya mmoja. Ulikuwa mnene kama kidole gumba, rangi ya chungwa, mrefu wa kutosha kutoka barabarani hadi sebuleni kwa mtu. Alikuwa ameuagiza Namanga baada ya ule wa kwanza kuungua. Ule wa kwanza aliufanyia unadhifu wa nyumbani: alivuta kipande alichohitaji, uliobaki akauacha umekunjwa vizuri ndani ya sanduku lililo mbele ya karavani, pale Wazungu walipoweka mtungi wa gesi. Draya ikanguruma asubuhi nzima. Alipokuja kusikia harufu, mikunjo yote ilikuwa imeshikana kama ugali uliopoa.

Toka siku hiyo waya ulikuwa na sheria zake, na Agnela alizishika kama katekisimu. Ukilala, ukunjwe; ukifanya kazi, ukunjuliwe wote, hata kama soketi iko hatua mbili. Jioni aliupangusa umande na tope kwa kitambaa, akaukunja kwa duara kubwa, mkunjo mmoja kwa juu na mwingine kwa chini ili usijisokote, akaufunga kwa mpira wa tyubu, kichwa cha plagi akakivika mfuko wa plastiki wa rambo. Hakumruhusu mtu mwingine auguse. Sylvanus aliwahi kuukunja mara moja kwa kuuzungusha kiwikoni, kama kamba ya ng'ombe, naye akakatazwa milele.

Basi ikaja harusi ya Rachel, huko juu mlimani, nyuma ya Makumira. Ilikuwa harusi ya kwanza Agnela kuitwa na ukoo wa Wameru, na alijua wazi ilivyo. Mlimani watu hawasomi matangazo. Wanatazama kichwa cha bibi harusi kanisani. Rachel akitoka vizuri, karavani lingeitwa kila kihamba, kila boma lenye migomba yake, hadi mvua za mwaka ujao. Akitoka vibaya, afadhali asipande tena ile barabara.

Walifika asubuhi na mapema. Mzee Yoeli, baba wa bibi harusi, alikuwa ameingiza umeme mwaka huo huo, na soketi ilikuwa dirishani, karibu kabisa na mahali walipoegesha karavani. Sylvanus alifurahi. Agnela hakufurahi. Waya mrefu, safari fupi. Huo uliobaki wote aulaze wapi? Uwanja ulikuwa umejaa masufuria, viti vya kukodi, turubai na magari yanayoingia. Juu ya karavani hakutaka; bati lilikuwa linachuruzika umande.

Alianza kuutandaza kwenye majani. Bibi Penina, mama yake Mzee Yoeli, akatoka jikoni na fimbo yake.

"Mwanangu, hilo joka utaliacha hapo wageni waliruke?"

"Shikamoo, bibi. Haliumi."

"Marahaba. Halitaumwa na mimi? Likunje uliweke pembeni."

"Nikilikunja linaungua, bibi."

"Basi lipeleke linakotaka kwenda. Hapa hapana."

Agnela akatazama huku na huku. Ukingoni mwa uwanja, nyuma ya karavani, kulikuwa na mstari mrefu wa masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mipakani, yamesimama marefu, makavu, mbali na miguu ya watu. Akauchukua waya, akaupitisha juu ya matawi yake kwenda na kurudi, taratibu, kama mwanamke anayeanika kanga. Ulikaa vizuri ajabu. Siku hiyo macho yake yalikuwa ya waya tu, hayakuwa ya mpaka. Yeye mtoto wa Marangu, aliyezaliwa katikati ya masale, hakujiuliza haya aliyapanda nani na kwa nini.

Rachel akakaa. Nywele zikaoshwa, zikaviringwa kwenye rola, akaingizwa chini ya kofia ya draya. Ndipo mwanamke mmoja akapiga kelele uwanjani.

"Jamani! Mzee Ebenezer ameshika panga!"

Agnela akachungulia. Ng'ambo ya masale alisimama mzee mrefu mwenye koti la mvua, ameuinua waya kwa mkono mmoja, panga katika mkono wa pili.

"Ni baba mkubwa," Rachel alisema chini ya kofia. "Hajakanyaga kwetu tangu shamba ligawanywe. Anasema baba alisogeza mpaka. Nilimpelekea kadi mwenyewe, hakujibu."

Wengine wangekimbilia masale. Agnela alikimbilia dirishani, akachomoa plagi. Draya ikanyamaza. Kisha akaenda kwa mwendo wa kawaida, mikono ingali na maji, plagi ameishika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani amekutuma utie alama juu ya masale yangu?"

"Sikutumwa, baba. Waya ni wangu. Nimekwisha kuchomoa, huu hapa mdomo wake. Ukitaka kukata, kata sasa, hautakudhuru."

Mzee alikuwa amejiandaa kwa kelele, na kelele hazikuja. Akaitazama plagi, akalitazama panga lake.

"Ulidhani ningekufa?"

"Nilidhani ungeungua mkono, halafu harusi igeuke hospitali."

"Hm. Wewe si wa hapa."

"Mimi wa Marangu."

"Mchaga! Na hujui sale ni nini?"

"Najua, baba. Nimekosa. Kwetu mtu akikosa hufunga jani la sale akapeleka kuomba radhi. Lakini nikichuma haya kukuomba wewe, si utasema nimekuibia tena?"

Kitu kilitikisika kwenye masharubu ya mzee. Akakikohoa.

"Kwa nini usiukunje ukauweka kwako? Nyumba si ile pale?"

"Ukifanya kazi umekunjwa, unajipika wenyewe. Hautaki kubanana."

"Kama ng'ombe wa Kisonjo," alisema mzee. "Mfunge karibu, avunje zizi." Akalishusha panga. "Huyo uliyemweka humo ndani ni Rachel?"

"Ndiye. Kichwa kimelowa, rola zote ziko juu. Draya isipowaka, ataingia kanisani kama kuku aliyenyeshewa."

Mzee alilitazama karavani. Uwanjani hata walioshika miiko walikuwa wameacha kukoroga. Mzee Yoeli alisimama mlangoni mwa nyumba yake, hasogei mbele wala nyuma.

"Washa," alisema Mzee Ebenezer mwishowe. "Mimi nitakaa hapa, niangalie mtu asije akauacha ukalala kwangu. Jua likifika juu ya mti ule wa mringaringa, nataka masale yangu wazi."

Akageuza ndoo, akaikalia, panga magotini. Agnela akachomeka plagi. Draya ikanguruma.

Nywele zilikauka. Zilitoka kwenye rola zikiwa laini, zimejikunja mahali palipotakiwa kujikunja. Agnela alikuwa anabana shela jua lilipogusa mringaringa. Draya ilikwisha kuzimwa, waya umechomolewa pande zote mbili. Sylvanus akaingiza kichwa mlangoni.

"Mama Princess, muda wa mzee umefika. Nikauchukue waya?"

"Usiuguse."

"Ataukata!"

"Mwache. Atauleta mwenyewe."

Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua itanyesha, akaendelea na pini zake. Lakini masikio yake yote yalikuwa nje.

 Kisha akasikia viti vikisogezwa. Mzee Ebenezer alikuwa amepita kwenye pengo la masale, panga ameliacha kwenye ndoo, waya mzima umening'inia begani. Alitembea katikati ya uwanja huku akitazama karavani tu, kama mtu aliyetumwa na mwenye haraka ya kurudi.

"Shikamoo, kaka," Mzee Yoeli alisema.

Mzee Ebenezer akauhamishia waya bega la pili.

"Marahaba. Nimeleta mali ya mama wa watu."

"Mali imefika," Bibi Penina alisema kutoka jikoni. "Sasa kaa, Ebeni. Au mpaka mimi nife ndipo ule kwa mdogo wako?"

Akakaa. Mlango wa karavani ukafunguka, Rachel akashuka taratibu, ameinua gauni, akapiga goti mbele yake. "Shikamoo, baba mkubwa."

Mzee alimtazama kichwa kwa muda mrefu.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe hizo nywele ndizo zilikuwa zinakula umeme wote ule?"

Uwanja mzima ukacheka, na wanawake wakapiga vigelegele kabla ya wakati wake. Agnela akaupokea waya kwa mikono miwili. Mzee alikuwa ameukunja kwa kuuzungusha kiwikoni, umejisokota kila mahali, mpira wa tyubu ameufunga fundo la kamba ya ng'ombe.

"Asante, baba. Umeukunja vizuri."

Sylvanus alikohoa. Agnela akamkanyaga mguu.

Waliporudi Moshono jua lilikuwa bado lipo. Wanawake watatu wa mlimani walikuwa wamekwisha kumpa tarehe za harusi zao. Agnela aliunyoosha waya wote barabarani, akaupangusa, akaanza kuukunja upya, mmoja kwa juu, mwingine kwa chini.

"Mimi nilifokewa mwezi mzima kwa kiwiko," Sylvanus alilalamika. "Yule mzee ameambiwa asante."

"Yule aliuvusha mpaka. Wewe uliukunjia wapi? Kwenye kochi."

Akauweka kwenye sanduku, akafunga kifuniko.