Mlango wa Mkwe

Mama Pindo alishona sare za shule tangu macho yake yakiwa makali, hadi siku hizi ambapo tundu la sindano linampiga chenga. Aliponunua kile kinyumba kikuukuu cha vyumba viwili ili akikarabati na kukipangisha, hakuwa anatafuta makuu. Alitaka mpangaji kabla macho hayajamtupa mkono.

Akakosea jambo moja: kazi akampa mkwe wake, baba wa mume wa binti yake, fundi mwashi. Lakini angempitaje? Binti aliishi uani kwa huyo mkwe, na mimba ilikwishaanza kuonekana.

"Mama, ukimpa fundi mwingine, mimi ndiye nitakayenuniwa," alimwambia.

Mkwe alikuwa mcheshi, na mkono wake ulitangulia akili. Mlango wa chumba cha kwanza aliuweka ufungukie koridoni. Ukifunguliwa wote, unaufunika mlango wa choo, ambao nao unafungukia hukohuko. Mama Pindo aliliona hilo siku ileile. Hajafungua kinywa, mkwe akamwahi.

"Eh, mkwe! Umeiona kazi hiyo?"

"Nimeiona, mkwe. Ahsante."

Fundi unamfokea. Mkwe utamfokea kwa ulimi gani?

Muuguzi wa zahanati alipokuja kuangalia nyumba, Mama Pindo alikuwa chooni, akisugua madoa ya saruji sakafuni. Akasikia mlango wa chumba ukisukumwa, paa! ukagota kwenye wake. Akajaribu kusukuma kwa kiganja. Wapi! Mkwe alikuwa ameuegemea.

"Chumba kina hewa hiki," mkwe alinadi.

"Na choo je?" muuguzi aliuliza.

"Kiko hapahapa, nyuma ya mlango."

"Sasa baba, aliye ndani atatokaje?"

"Atasubiri kidogo. Kwani anakimbilia wapi?"

Muuguzi akacheka mpaka akapaliwa. Mama Pindo akainua mkono abishe hodi ya kutokea. Ukabaki hewani. Kubisha ni kumvua mkwe nguo mbele ya mgeni, na habari ingefika uani kwa binti kabla yeye hajafika kwake. Akaushusha, akakalia ndoo aliyoipindua, brashi mapajani.

"Nitafikiria, baba," alisema muuguzi, na viatu vyake vikaishia mlango wa nje bila mwenyewe hata kuuliza kodi.

Mkwe akaurudisha mlango wa chumba. Mama Pindo akatoka.

"Mkwe! Ulikuwa humo wakati wote?"

Cheko lilimkauka usoni. Alisimama na mwiko wake mkononi kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi wa Mama Pindo. Akamwona kwa mawazo binti yake kule uani, tumbo mbele, akipewa mgongo kila anaposalimia.

"Nilikuwa naangalia plasta," alisema. "Imenyooka."

Uso wa mkwe ukachanua. "Basi nimeshajua unachopenda! Kesho chumba cha pili, mlango nauweka vilevile."

Mama Pindo akainama kuokota ndoo yake.

"Ahsante, mkwe," alisema. "Ahsante sana."