Mpokea Barua wa Kampuni Yangu

Nilipoandikisha kampuni yangu ndogo ya vitambaa, nilitakiwa kutaja mtu wa kupokea barua za serikali na mahakama. Wakili wa nini? Nikajiandika mwenyewe, na anwani nikaweka nyumbani, Mchafukoge.

Niliyemsahau ni mama, ninayeishi naye. Kwetu mgeni mwenye bahasha akiulizia mtu, jibu ni moja tu: hayupo, kasafiri. Mama alimjibu hivyo tarishi wa mahakama, kwa upole kabisa, na mimi niko zangu dukani Kariakoo. Tarishi akarudi, akaambiwa vilevile. Mahakama ikaona nakwepa. Kesi aliyonifungulia mteja wangu mmoja ikasikilizwa bila mimi, nikashindwa.

"Mama, umeniponza!"

"Nimekuficha, mwanangu. Mtu wa bahasha aliwahi kuleta heri lini?"

Nilifoka mpaka majirani wakachungulia. Nikamkataza kugusa mlango. Kuanzia leo, nikasema, nafungua mwenyewe na napokea mwenyewe.

Wiki iliyofuata mlango ukagongwa. Nikafungua. Mgeni alishika bahasha ya kaki, akauliza kama mwenye kampuni yupo.

"Hayupo," nikasema. "Kasafiri."